Amani ya Nyayo na Uhuru wa Vyama Vingi: Historia ya Maneno Mawili katika Siasa za Kenya, 1978–2010

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya maneno amani na uhuru katika Kiswahili cha siasa nchini Kenya kuanzia 1978 hadi 2010. Lengo lake ni kupima dai ambalo limesikika mara kwa mara tangu ghasia za 2007–2008, kwamba utawala wa chama kimoja uliwapa wananchi usalama ambao demokrasia ya vyama vingi imeshindwa kuwapa. Makala yanaonyesha kwamba amani iliyohubiriwa wakati wa Nyayo ilikuwa imepunguzwa maana hadi ikabaki kuwa utulivu wa watawaliwa, na kwamba ghasia zilizofuata zilitumia zana zilizoundwa chini ya utulivu huo. Hata hivyo, makala yanashikilia kwamba dai la waliopoteza makazi na jamaa zao halipaswi kupuuzwa, kwa kuwa uhuru usiomhakikishia mtu uhai wake haujakamilika.

1. Utangulizi

Mwezi Januari 2008, wakati maelfu ya Wakenya walipokuwa wamejihifadhi katika viwanja vya maonyesho, vituo vya polisi na nyua za makanisa, kauli moja ilianza kusikika kwa nguvu mpya: wakati wa Nyayo, nchi ilikuwa na amani. Kauli hiyo haikutolewa na wanasiasa wa KANU peke yao. Ilitolewa pia na watu wa kawaida ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuupenda utawala wa Daniel arap Moi, baadhi yao wakiwa wameupigia kura ya kuuondoa mwaka 2002. Ndani ya kauli hiyo mna mizani. Upande mmoja umewekwa usalama, upande wa pili umewekwa uhuru, na msemaji amekwisha kuona ni upande upi uliolemea.

Wanahistoria na wanasayansi ya siasa wameijadili mizani hiyo kwa kutazama taasisi, uchumi na ukabila. Kilichojadiliwa kwa uchache ni lugha yenyewe. Anayesema kwamba kulikuwa na amani anatumia neno ambalo lilikuwa limefanyiwa kazi kubwa na dola kwa zaidi ya miaka 20. Kabla ya kukubali au kukataa dai lake, inafaa kuuliza neno hilo lilikuwa na maana gani lilipotamkwa, na lilikuwa limepoteza maana gani. Swali hilohilo laweza kuulizwa kuhusu uhuru, ambalo katika Kenya ya 1978 lilikuwa tayari jina la bustani, la barabara na la sikukuu.

2. Maneno kabla ya dola

Amani na usalama ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na yote mawili katika asili yake yanahusu hali ya mtu aliyeepukana na hatari. Katika matumizi ya zamani ya pwani, amani iliambatana na imani na uaminifu. Mgeni aliyepewa amani alipewa ahadi na mwenyeji wake, na mwenyeji aliyeivunja ahadi hiyo alijiaibisha mwenyewe. Jambo la kuzingatia ni kwamba wajibu ulimwangukia mwenye nguvu. Mpewa amani hakudaiwa chochote zaidi ya kutoitumia vibaya fadhila aliyopewa.

Utulivu ni neno la asili ya Kibantu, kutokana na kitenzi tulia. Maana yake ni tofauti. Maji hutulia, mtoto hutulia baada ya kulia, na mgonjwa hutulia homa inaposhuka. Utulivu hueleza hali inayoonekana kwa nje, wala hauelezi sababu yake. Mtu anaweza kutulia kwa kuwa ameshiba, na anaweza kutulia kwa kuwa ameogopa. Tofauti hii kati ya amani na utulivu ni ya msingi katika hoja ya makala haya.

Neno uhuru, nalo, limejengwa juu ya mzizi wa Kiarabu kwa kiambishi cha Kibantu, na katika jamii ya pwani iliyojua utumwa lilihusu kwanza hadhi ya mtu asiyemilikiwa na mwingine. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 neno hilo lilipanuliwa likawa jina la madai ya taifa zima. Upanuzi huo ulikuwa na gharama iliyoonekana baadaye. Tarehe 12 Desemba 1963, uhuru ukawa tukio. Wakenya walisema kwamba nchi "imepata uhuru", na kitu kilichokwisha kupatikana hakidaiwi tena. Aliyeudai uhuru mwaka 1968 alionekana kama mtu anayedai deni lililokwisha kulipwa.

Mfano wa wazi ni Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi?, na kwa kosa hilo alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akakitumikia kuanzia 1969 hadi 1972. Anwani ya kijikaratasi hicho ilikuwa swali, na kosa lake kubwa lilikuwa kuuliza safari ilikoelekea ilhali serikali ilishasema kwamba nchi imefika. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ilipewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la rais yuleyule ambaye utawala wake ulimfunga mshairi. Ni vyema kukumbuka tukio hili, kwa sababu Nyayo haikuanzisha ukandamizaji nchini Kenya. Iliurithi, ikaupa msamiati.

3. Msamiati wa Nyayo

Jomo Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978. Moi, aliyekuwa makamu wake, aliahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake, na ahadi hiyo ikageuka kuwa jina la utawala. Nyayo ni alama iachwayo ardhini na mguu wa aliyetangulia. Anayefuata nyayo hachagui njia, na anayetoka pembeni amekwisha kupotea kabla ya kuulizwa anakokwenda. Sitiari hiyo ilifaa mwanzoni kumtuliza yeyote aliyehofia mabadiliko ya ghafla. Baadaye ilitumiwa kuwataka wananchi wote wafuate nyayo za Moi mwenyewe.

Jina hilo lilizaa majina mengine kwa wepesi wa ajabu. Wanafunzi wa shule za msingi walikunywa maziwa ya Nyayo, abiria jijini walipanda mabasi ya Nyayo, wanariadha walishindana katika Uwanja wa Nyayo, na wagonjwa walilazwa katika wodi za Nyayo. Falsafa yenyewe ilifupishwa katika maneno matatu: amani, upendo na umoja. Maneno hayo yalisikika redioni na katika hotuba za machifu, yakakaririwa na watoto gwarideni na kuimbwa na kwaya siku za sikukuu.

Uchunguzi wa maneno yaliyoambatana na amani katika lugha hiyo unaonyesha mgawanyo ulio thabiti. Vitenzi dumisha, linda na hubiri kwa kawaida vilikuwa na serikali, chama au Mtukufu Rais kama mtenda. Vitenzi vunja, vuruga na hatarisha vilikuwa na mwananchi kama mtenda: mwanafunzi wa chuo kikuu, mhadhiri, wakili, kasisi, au "wachache wasiotosheka". Ilikuwa vigumu kutunga sentensi rasmi ambamo serikali ndiyo inayovunja amani. Sarufi iliruhusu, lakini matumizi hayakuruhusu. Ahadi ambayo zamani ilimfunga mwenye nguvu sasa ilimfunga asiye na nguvu.

Usalama ulipata hatima kama hiyo. Sheria iliyoruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani ilikuwa sheria ya kulinda usalama wa umma. Chini yake Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwishoni mwa 1977, Alamin Mazrui mwaka 1982, na Katama Mkangi mwaka 1986. Wote watatu walikuwa waandishi na wahadhiri. Katika sheria hiyo, umma uliolindwa ulikuwa kitu kimoja na dola, na yeyote aliyetengwa na dola alikuwa ametengwa pia na umma.

Mabadiliko ya katiba yalikwenda sambamba na mabadiliko ya lugha. Mwezi Juni 1982 kiliingizwa kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, lililoendeshwa na askari wa jeshi la anga, liliipa serikali sababu ya kukaza kamba zaidi. Mwezi Septemba 1984, aliporejea kutoka Addis Ababa, Moi aliwataka mawaziri na maofisa wake waimbe kama kasuku, akikumbusha kwamba yeye mwenyewe aliimba wimbo wa Kenyatta bila kuwa na wimbo wake. Mwaka 1988, wapiga kura walipanga mlolongo hadharani nyuma ya mgombea waliyemtaka. Baadhi ya wagombea waliokuwa na mlolongo mfupi walitangazwa washindi mbele ya macho ya watu waliohesabu wenyewe. Watu walitulia. Kutulia huko ndiko kulikoitwa amani.

4. Amani ya nani?

Dai kwamba Kenya ilikuwa na usalama wakati wa Nyayo halina uongo kwa kila mtu. Mkulima wa mahindi Trans Nzoia au mfanyabiashara wa Nakuru aliyejiepusha na siasa aliweza kupitisha sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bila kuogopa kwamba nyumba yake ingechomwa na jirani. Watoto wake walisoma, mazao yake yaliuzwa, na safari za usiku ziliwezekana. Mwanahistoria anayemwambia kwamba hakuishi kwa amani anamdharau.

Lakini usalama huo haukugawanywa sawa. Tarehe 10 Februari 1984, wanaume wa jamii ya Wadegodia katika eneo la Wajir walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Walivuliwa nguo, wakazuiliwa juani kwa siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57, na walionusurika wamekuwa wakitaja idadi kubwa zaidi kwa mbali. Hapakuwa na vyama vingi mwaka 1984, wala uchaguzi uliozua ugomvi. Mauaji hayo yalitendwa ndani ya "amani", na waliotumwa kuyatenda waliitwa maofisa wa usalama. Kwa sehemu kubwa ya Wakenya, Wagalla haikuharibu kumbukumbu ya miaka ya utulivu kwa sababu habari zake hazikuwafikia. Hapa ndipo ulinganisho wa kawaida unapokosea: ghasia za enzi ya uhuru zilionekana na kila mtu, ilhali za enzi ya Nyayo zilionekana na waliofanyiwa tu.

Nairobi nako, katika orofa za chini za jengo la Nyayo House, watuhumiwa wa vuguvugu la Mwakenya walifungiwa katika vyumba vyenye giza vilivyomwagwa maji, hasa kuanzia 1986. Juu ya vyumba hivyo wananchi walipanga foleni kutafuta pasipoti. Jengo moja lilibeba huduma ya raia na mateso ya raia kwa jina lilelile la Nyayo.

Fasihi ya Kiswahili ilishuhudia mgawanyiko huu mapema. Tamthilia ya Mazrui, Kilio cha Haki (1981), ilihusu wafanyakazi wa shamba wanaoambiwa watulie huku wakinyonywa. Diwani yake Chembe cha Moyo (1988) ilibeba mashairi ya kizuizini. Katika Walenisi (1995), Mkangi alimpeleka mhusika wake Dzombo, aliyehukumiwa na dola, hadi katika jamii ya kubuni ambamo watu wanatawaliwa bila kuogopeshwa. Katika kazi hizo ukimya ni swali linalodai kuchunguzwa, na haukubaliwi kuwa uthibitisho wa amani. Huenda huo ndio mchango wake mkubwa katika historia ya kisiasa ya nchi, kwani ziliuliza lugha rasmi ilichokuwa ikificha wakati ambapo magazeti na Bunge hayakuweza kuuliza.

5. Ukombozi wa pili na madoadoa

Vuguvugu la vyama vingi lilipojitokeza hadharani mwaka 1990, halikujiita vuguvugu la uhuru. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa Kamukunji wa tarehe 7 Julai 1990, wakawekwa kizuizini kabla yake, na siku yenyewe ikabaki katika kumbukumbu kwa jina la Saba Saba. Msamiati wa wakati huo ulikuwa mageuzi, haki na, zaidi ya yote, ukombozi wa pili. Neno hili la mwisho linakiri kwamba ukombozi wa kwanza ulifanyika, lakini linakataa kwamba ulitosha. Kwa kuwa uhuru ulikuwa umefungiwa katika 1963, ilibidi litafutwe neno jingine la kuendeleza safari.

Mwezi Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika Uhuru Park, wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Polisi walipowavamia, baadhi ya kina mama hao walivua nguo zao, tendo ambalo katika mila nyingi za Kenya ni laana kwa kijana anayelitazama. Walikuwa wakiudai uhuru wa watoto wao katika bustani iliyoitwa Uhuru, na waliowapiga walisema kwamba wanalinda amani. Ni nadra kuona maneno mawili yakigongana mahali pamoja kwa uwazi kiasi hicho.

Moi alikuwa ameonya kwamba vyama vingi vingeleta mapigano ya makabila. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na mapigano yalikuwa yameanza tayari mwishoni mwa Oktoba mwaka huo katika mpaka wa Nandi na Kisumu, kisha yakaenea katika Bonde la Ufa. Wenye kuutetea utawala wa zamani wanauona mfuatano huo kuwa ni ushahidi kwamba onyo lilikuwa la kweli. Hata hivyo, kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992 iliwahusisha wanasiasa wakuu wa KANU na uchochezi wa mapigano hayo. Kamati hiyo ilitokana na Bunge lililochaguliwa kwa mlolongo, ambalo halikuwa na sababu ya kuupendelea upinzani. Aliyeonya juu ya moto alikuwa na watu wake waliobeba viberiti.

Lugha ya mapigano hayo inastahili kuzingatiwa. Watu wa jamii zilizohamia Bonde la Ufa waliitwa madoadoa, yaani alama zinazochafua kitambaa kilicho safi. Katika mantiki ya neno hilo, kitambaa ni umoja na doa ni tofauti. Neno umoja lilikuwa limefundishwa kwa miaka 13 kama hali ya kutokuwa na tofauti, na utengano wa maoni ulikuwa umeitwa uchafu wa siasa. Haikuhitajika hatua ndefu kutoka doa la maoni hadi doa la kabila. Chuki hiyo ilivunja falsafa ya amani, upendo na umoja kwa kuazima zana zake.

Uchaguzi wa Desemba 1992 ulimrudisha Moi madarakani kwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya kura, na ule wa 1997 ukamrudisha tena baada ya ghasia za Likoni. Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano hayo ya miaka ya 1990, ilikabidhi ripoti yake 1999, lakini ilikaa bila kutangazwa hadi 2002. Waliotajwa hawakushtakiwa.

6. Mizani ya 2008

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulifanyika katika mazingira ya uhuru mkubwa wa maoni kuliko wakati wowote tangu 1963. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, nchi iliwaka. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa limejaa watu waliojihifadhi, wengi wao wanawake na watoto. Naivasha na Nakuru zilifuata kwa kisasi. Kufikia makubaliano ya tarehe 28 Februari, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa, na mamia ya maelfu walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao.

Ni katika hali hiyo ambapo kauli iliyotajwa mwanzoni inapaswa kusikilizwa. Mama aliyempoteza mtoto Kiambaa hakuwa akitunga nadharia ya utawala aliposema kwamba zamani palikuwa na amani. Kumjibu kwa kumhesabia fadhila za uhuru wa magazeti ni kukosa ubinadamu, na pia ni kukosa hoja, kwa sababu uhuru wa magazeti haukulizuia kanisa lisichomwe. Wapigania demokrasia wa miaka ya 1990 waliliweka jambo la usalama kando, wakidhani kwamba lingejitatua baada ya KANU kuondoka. Halikujitatua. Hilo ni kosa la kihistoria linalohitaji kukiriwa.

Lakini ripoti ya Tume ya Waki ya mwaka 2008 inauelekeza ulinganisho huo mahali pengine. Tume ilieleza kwamba ghasia hizo zilikuwa na mizizi katika mambo yaliyokua kwa muda mrefu: mamlaka ya rais yaliyokusanywa mikononi mwa mtu mmoja, taasisi zilizodhoofishwa, na wahalifu wa kisiasa wasioadhibiwa tangu mapigano ya miaka ya 1990. Ilionyesha pia kwamba watu wengi waliuawa kwa risasi za polisi. Kwa maneno mengine, wananchi wa 2008 hawakuadhibiwa kwa kuwa huru mno. Walikosa mahakama ya kuiamini, tume ya uchaguzi ya kuiheshimu na polisi wa kuwakimbilia, na vyote hivyo vilikuwa vimeharibiwa katika miaka ile ya utulivu, na warithi wa 2002 hawakuvijenga upya. Mwaka 1988 majaji waliondolewa kinga ya ajira yao. Ingawa kinga hiyo ilirudishwa miaka miwili baadaye, imani haikurudi, na mwanzoni mwa 2008 upinzani ulikataa kwenda mahakamani.

Jirani ya Kenya inatoa ulinganisho wa haraka. Nchini Tanzania, Tume ya Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na hofu ya kupoteza amani ilikuwa miongoni mwa sababu zao. Tume ilipendekeza vyama vingi hata hivyo, ikizingatia haki ya wachache. Hofu ya wengi ilisikilizwa bila kugeuzwa kuwa hukumu ya kuwanyamazisha wengine. Njia hiyo haikuondoa matatizo yote, lakini inaonyesha kwamba usalama na uhuru vinaweza kujadiliwa bila kimoja kutumiwa kukifungia kingine.

7. Hitimisho

Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa historia iliyoelezwa hapa, Sura yake ya Kumi na Nne, inayohusu usalama wa taifa, ina uzito usio mdogo. Ibara ya 238 inaueleza usalama kuwa ni ulinzi wa mipaka na mamlaka ya nchi, na pia wa watu wake, haki zao, uhuru wao, mali yao na amani yao. Wajibu huo unawekwa chini ya sheria na haki za binadamu. Maneno yaliyokuwa yametenganishwa na kugombanishwa kwa zaidi ya miaka 30 yamewekwa katika sentensi moja, na mwenye nguvu ndiye anayefungwa nayo tena.

Sentensi ya katiba haimlindi mtu kwa kuandikwa tu. Inachofanya ni kuondoa uwezekano wa kusema, kwa lugha ya sheria, kwamba raia anayedai haki anavunja amani. Anayeikumbuka amani ya Nyayo anakumbuka jambo la kweli, yaani usiku ambao nyumba yake haikuchomwa, na ana haki ya kuudai usiku huo tena. Kosa lipo katika kuamini kwamba bei yake ilikuwa ukimya wake. Bei hiyo ililipwa Wagalla, katika orofa za chini za Nyayo House, na hatimaye Kiambaa.